Mate

Mate, huku Montevideo, ni majani
yaliyosagwa, yakajazwa kwenye kibuyu cha kiganja,
yakamiminiwa maji ya moto
na kunyonywa kwa mrija wa chuma, mmoja,
unaopita mdomo hadi mdomo.
Na mate, katika lugha ninayoandikia, unayajua.
Eulogio Bidegain amenyimwa yote mawili.

Miaka arobaini alishona matandiko ya farasi kule Melo,
uzi wa nta akiukata kwa meno.
Sasa kuna kitu kwenye shina la ulimi.
Kabla mashine haijawashwa, daktari wa meno, Etchegoyen,
mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu,
alimwambia fungua, fungua zaidi,
akagonga jino moja moja kama mnunuzi wa vyungu.
Mawili yaking'olewa, alisema, ni bora leo:
mfupa ukishapigwa mionzi hausamehe kidonda.
Wakangoja wiki mbili, ufizi ufunge.

Wiki ya kwanza ya mionzi alitania wauguzi.
Ya tatu, mkate ulikuwa changarawe,
na chungwa lilimchoma akiwa upande wa pili wa meza.

Dada yake Delmira akabandika karatasi juu ya jiko:
*Maji vuguvugu glasi moja.
Magadi ya kuokea robo kijiko, chumvi nusu ya hiyo.
Sukutua. Tema. Usimeze.
Kila saa mbili, na usiku ukiamka.*
Chini yake Eulogio akaongeza kwa penseli:
*Na usinisimamie mlangoni.*

Mswaki wake ni wa mtoto, una pengwini kwenye mpini.
Anaulowesha kwanza maji ya uvuguvugu, nyuzi zilainike,
kisha anapita taratibu, jino kwa jino,
kama afutaye vumbi kwenye vikombe vya harusi.
Ile dawa ya kijani yenye pombe, iliyokuwa ikimnukisha mnanaa,
ameimwaga kwenye sinki.
Kila asubuhi anasimama dirishani, anafungua kinywa
kwa kioo cha kunyolea, anatafuta
utando mweupe, damu, kidonda kipya,
na akikiona anampigia simu muuguzi Yanira,
yeye ambaye hajawahi kupiga simu kuuliza lolote,
hata bei ya ngozi.

Mitaani watu wanapita na chupa za maji moto kwapani.
Anayamezea mate mate yao,
ila mate ya kumezea hana:
ulimi umekauka, unanata kwenye kaakaa
kama stempu.

Jumapili moja alikuta kibuyu nyuma ya gunia la makaa,
kina joto bado, kama yai chini ya kuku.
Delmira alikuwa akinywa uani, kwa kujificha,
kati ya mashuka yaliyoanikwa, majuma matano.

Hakumkaripia. Alileta stuli,
akaketi, akachukua chupa, akamimina
polepole ukingoni, bila kulowesha majani yote,
kama mama yao alivyowafundisha.
Desturi inasema mmiminaji anywe wa kwanza,
ule mchungu kupita yote, kuwaondolea wengine.
Safari hii mchungu ulimwangukia jirani, Waldemar,
naye akakunja uso vibaya hivi
kwamba Eulogio alicheka, midomo ikapasuka,
ikabidi aipake mafuta upya.

Mwezi wa nne baada ya mashine kuzimwa
aliamka saa tisa za usiku, shavu lina baridi.
Akapapasa mto.
Umelowa.
Akakaa kitandani kizani, mzee wa miaka sitini na nane
aliyedondosha udenda kama mtoto,
akipitisha ulimi juu ya meno, ya juu, ya chini,
ya juu tena, akiyahesabu.

Kisha akamgongea dada yake ukutani.
Kwa lugha yao vitu hivi vina majina mawili,
kwa hiyo Delmira hakuchanganya; alisikia, akalia kidogo.
Hata hivyo alikwenda kuwasha jiko,
akaacha maji yapoe muda mrefu sana.